Kipovu Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Choo kimekataa tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakasimama, yakanitazama. Mke wangu alikuwa mlangoni na taulo begani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alifunga begi akaenda kwa dada yake.

Kabla ya kutoka alisema haondoki kwa hasira, anaondoka kwa haja. Jumapili ya tarehe 16 atakuja, atavuta maji mara moja tu. Yakishuka, atabaki. Yasiposhuka, kuna chumba cha kupanga karibu na kazini kwake. Ameshakiona. Kina kitanda cha mtu mmoja.

Cha mtu mmoja!

Nimelala sakafuni bafuni, sikio kwenye kigae. Chini kuna mto. Unanguruma kidogo, kisha unanyamaza kama mtu anayefikiri. Nikasinzia. Nikaota nyumba imeng'oka taratibu, inaelea barabarani, majirani wanatupungia mikono. Nimeamka na alama ya kigae shavuni.

Jumanne, 4 Machi

Fundi bomba amekuja. Ni mwanamke mwenye mikono mikavu na maneno machache. Aliingiza kamera ndogo kwenye bomba la majitaka, imefungwa kwenye waya mrefu, nikaona yote kwenye kioo. Sikutegemea uzuri ule. Pango refu la udongo wa kuchoma! Mizizi inaning'inia kama mapazia, tone moja linang'aa kwenye ncha. Nikamwomba arudie pale kwenye tone. Akasema baba, hii si sinema, hili ni bomba lako na limekufa. Nyufa sita, na katikati limebonyea kama kitanda cha kamba. Kuziba hakusaidii. Lote litoke, mita kumi na mbili, kutoka bafuni hadi kwenye chemba ya majitaka ya barabarani.

Akaniandikia makadirio. Mistari minane: kamera, kibali cha manispaa, kuchimba, mabomba, mchanga wa kulalia mabomba, chemba mpya, kujaribu kwa maji, kurudisha vigae vya bafu. Jumla ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Nikauliza mstari upi unaweza kutoka. Akasema nikamuulize fundi cherehani ni mkono upi wa shati usio na kazi.

Lakini nimeshauona! Mstari wa tatu, kuchimba, unakula karibu nusu ya pesa yote. Udongo ni wangu, jembe ni langu, mgongo ni wangu. Nikaufuta kwa kalamu mbele yake. Hakubisha. Alisema tu mtaro ushuke sentimita mbili kila mita kuelekea barabarani, naye atakuja kukagua nikimaliza. Nikaandika: sentimita mbili. Nikapigia mstari.

Jumatano, 5 Machi

Sijachimba. Nimefikiri.

Asubuhi nilipiga hodi kwa Futi kuomba choo. Futi ni jirani yangu, fundi cherehani mstaafu. Mpaka leo huvaa utepe wa kupimia shingoni, hata akienda dukani. Alinifungulia, akaniuliza kwa upole kama hali hii itadumu. Choo chake kinavuta vizuri mno. Naamini alikisikiliza kwa makusudi nikiwa bado ndani.

Kisha karakana. Nina miaka ishirini na miwili natengeneza fremu za picha. Gundi, vumbi la mbao, vioo vimeegemea ukutani, na mfukoni pimamaji yangu, kile kirula chenye kipovu ndani ya kioo. Kipovu kikikaa katikati, picha imenyooka. Nimetundika maharusi, wakurugenzi na marehemu wa mji huu, na hakuna hata mmoja aliyeegemea upande. Leo mtu ananiambia nichimbe kitu kilichoinama, tena kwa makusudi!

Nimelitafakari hadi mteja akanikoholea. Nimefika mwisho wa jambo. Fundi asiyeweza kunyoosha lazima ayatafutie jina makosa yake. Kinyozi huita staili. Mafundi bomba huita mteremko.

Mtaro wangu utanyooka. Chemba ya barabarani iko chini zaidi, kwa hiyo maji yakifika mwisho yataanguka yenyewe. Nimeyaona kabisa, nikiwa nimeshika brashi ya gundi: maporomoko madogo, meupe, chini ya barabara, na hakuna anayejua kama yapo ila mimi. Gundi imeganda kwenye brashi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua likizo ya siku tatu. Nimechimba mita nne na kung'oa vipande vya bomba bovu. Malengelenge matano. Futi alileta kiti kwenye uzio, akaleta na chai, ya kwake. Akasema endelea tu, jirani, usinijali.

Mke wangu alipiga simu jioni. Nikamwambia kazi inasonga. Akauliza inasonga kwenda wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza! Mita kumi na mbili. Mwishoni, kwenye chemba, nimeacha ukuta mwembamba wa udongo ambao nitauvunja mbele ya Fundi, kama wakubwa wanavyokata utepe.

Niliweka pimamaji mahali ishirini na nne. Mara ishirini na nne kipovu kilikaa katikati, kimetulia kama paka kwenye mkeka. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii, na itafukiwa. Nilikaa ukingoni nikahuzunika kidogo, huzuni tamu.

Futi alishuka mtaroni bila kuombwa. Akapima kina upande wa nyumba: sentimita tisini. Akapima upande wa barabara: tisini. Akakunja utepe. Akasema miaka arobaini ameshona suruali, hajawahi kupata miguu miwili iliyolingana hivi. Akaenda zake, mabega yanatikisika. Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeujaribu mwenyewe. Niliingiza mpira wa maji mtaroni nikafungulia. Maji yalitambaa, yakaenea, yakasimama. Kina kile kile kila mahali! Kisha vumbi likatulia na mbingu ikashuka ndani. Wingu moja lilianzia bafuni likaenda polepole hadi barabarani. Ndege akaja, akanywa wingu. Ni fremu kubwa kuliko zote nilizotengeneza, mita kumi na mbili kwa nusu mita, na sikuhitaji kioo.

Nikalala kwenye nyasi kuitazama. Nikaota natembea juu ya maji kwa viatu vya kazini, mke wangu upande wa pili ameshika begi, kila nikikaribia wingu linanirudisha.

Mpira nilisahau kuufunga. Niliamshwa na sauti kama ng'ombe anayelala chini. Ukingo wa kushoto ulikuwa umejitupa mtaroni. Nikiwa nautazama, wa kulia ukaufuata.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja. Upande wa bafu maji yalikuwa bado yapo, na mbingu kidogo. Nikamwomba angalau avunje ukuta wa udongo. Akauvunja kwa kisigino. Maji ya karibu yaliondoka kivivu, mengine yakabaki yanajadiliana.

Akachuma jani, akaliweka juu ya maji upande wa bafu. Akaniuliza lile nadhani ni nini. Nikasema ni jani. Akasema nifikirie asubuhi chooni, baada ya chai. Nikafikiri. Tukalitazama jani wote wawili, na Futi kutoka kwenye kiti. Halikusogea.

Fundi alisema baba, umenichimbia bwawa.

Makadirio mapya. Kuchimba kumerudi, na kumeleta ndugu yake, mstari wa tisa: kutoa tope na kushikilia kingo kwa mbao. Jumla sasa ni mishahara minne. Akiba niliyoweka ya msumeno wa umeme imekwisha, na bado nadaiwa. Nikauliza kama Jumapili itawezekana. Akasema itawezekana kwa sharti moja, nisiguse kitu. Nikasema hata kushika taa? Akasema hasa taa.

Usiku huu sina cha kuota. Nimekiona kile chumba tu. Kitanda kimoja, msumari mmoja ukutani, hakuna picha.

Alhamisi, 13 Machi

Wachimbaji wawili wameanza barabarani, penye kina kikubwa, wanarudi nyuma kuelekea nyumbani. Hivyo maji wanayokutana nayo yanawakimbia badala ya kuwafuata. Ni hila ndogo tu, mtu yeyote angeigundua. Wanapima mteremko kwa mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, wameujaza maji, mmoja ameshika ncha huku, mwingine kule. Mchanga ukamwagwa, mabomba ya kijivu yakalazwa juu yake. Yameinama. Nimeyatazama hadi shingo ikainama nayo.

Mkaguzi wa manispaa alikuja na buti safi. Akatazama mchanga, akatazama mteremko, akatia sahihi. Akaona pimamaji mfukoni mwangu, akauliza kama mimi ndiye fundi. Kabla sijajibu, Fundi alisema hapana, huyu ni mwenye nyumba, ndiyo maana tumechelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Wamejaribu kwa maji, wamefukia, wamerudisha vigae vya bafu. Fundi alitupa karatasi chooni, akavuta maji, akakimbia hadi kwenye chemba kama msichana wa shule. Karatasi ikapita chini yake. Nilitaka kushangilia, lakini sharti lilikuwa bado linafanya kazi.

Jumapili, 16 Machi

Saa nne kamili. Mke wangu amekuja. Begi aliliacha nje ya geti, kwenye teksi, na dereva hakuzima injini.

Alipita sebuleni bila kukaa. Akaingia bafuni, akafunga mlango. Nikasimama kwenye korido. Futi alikuwa kwenye uzio, hana hata chai mkononi.

Akavuta.

Maji yalianguka, yakazunguka, yakameza mate, yakaenda. Niliyasikia yakipita chini ya miguu yangu, chini ya ukuta, chini ya nyasi mpya, yanateremka, yanateremka, hadi nikadhani nami nateremka nayo. Kisha kimya. Mlango haukufunguliwa. Nikahesabu vigae vya korido. Nikasikia tangi likijaa.

Akavuta tena! Alisema mara moja tu, kavuta mara mbili. Ya pili, nadhani, ilikuwa ya raha.

Alitoka akanawa mikono akasema dereva anasubiri hela yake, na begi ni zito. Nikakimbia. Sijawahi kubeba kitu chepesi vile.

Jumatano, 19 Machi

Siku tatu za furaha. Mke wangu anaimba akioga. Nikamwambia kwamba mradi wote nimeusimamia mimi. Akasema Futi amemsimulia.

Lakini kuna jambo. Leo asubuhi, nikipiga mswaki, nilihisi mguu wa kulia uko juu kuliko wa kushoto. Nikaweka pimamaji sakafuni. Kipovu kimekimbilia pembeni kabisa, kama mtoto aliyefukuzwa mezani! Wamerudisha vigae vimeinama, vyote, kuelekea kwenye tundu la maji la pembeni. Kazi tumewalipa, hatujamaliza hata kulipa, na wamenitundikia sakafu upande.

Nikampigia Fundi. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Staili!

Mke wangu yuko kazini hadi saa kumi. Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Nimebandua vigae vyote vya kuzunguka lile tundu, nimeongeza saruji chini, nimevipanga upya kimoja kimoja. Saruji inayokauka haraka, nimeisoma kwenye mfuko. Kipovu katikati. Katikati kila mahali!

Nimemwaga ndoo mbili kusafisha vumbi. Maji yameenea taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, yakatulia. Yanapendeza. Dari lote limo ndani, na taa, na taulo lake msumarini, na mimi nimesimama kichwa chini, mwenye amani. Nimevua viatu nikatazame kwa karibu.

Geti limefunguliwa. Amewahi.