Nilivyolikalia Benchi la Nyuma

Wanakwaya wenzangu wa Magoma,

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima na mgeni wa wilaya, nikiwa nimevaa kanga mpya. Nawaandikia sasa hivi kabla sijainjika chungu, kwa sababu kesho basi la Korogwe linapita hapa na kondakta wake ana mdomo. Bora habari mzipate kwangu mwenyewe. Yeye atawaambia nililia. Sikulia.

Mnajua tangu tuhame kambi ya mkonge huko kwenu tukaja kwenye kijiji hiki kipya cha ujamaa, upande wa Sindeni, Wakristo tuko nyumba tisa tu. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, watu wema, tunaombana moto na chumvi. Lakini wao wana msikiti, na sisi hatuna hata kibanda. Tunasali kwenye ghala la pamba. Pamba ikija, sisi tunatoka na magunia yanaingia. Pamba isipokuwepo, vumbi lake lipo, na Baba Yoeli, mume wangu, hajawahi kumaliza sala bila kupiga chafya. (Mara ya mwisho alipiga chafya mahali pa Amina, na watu wakaitikia.)

Kwa hiyo tuliomba kiwanja cha kanisa. Mwenyekiti wa kijiji akasema jambo hilo litaamuliwa mbele ya mgeni atakayekuja Jumatatu, na kwamba mgeni atataka kujua kitu kimoja tu: hawa watu wa kanisa ni wachapakazi, au Jumapili yao ni njia ya kukwepa shamba la kijiji? Maana maneno ya chini chini yalikuwepo. Nyumba tisa zikanichagua mimi nikasimame niseme. Sikuomba kazi hiyo. (Nilikohoa kidogo walipokuwa wanatafuta mtu, basi.)

Sasa sikilizeni. Jana Jumapili mwinjilisti alikuja na baiskeli yake kutoka Korogwe, akahubiri habari ya mtu aliyealikwa karamuni. Mtu huyo asikimbilie viti vya mbele. Akae nyuma kabisa, na mwenye shughuli mwenyewe atakuja kumwita apande juu. Neno lile liliniingia. Nililiona limeletwa kwa ajili ya Jumatatu yangu. Nikajiambia, Mama Yoeli, kesho utakaa nyuma, Mwenyekiti atakuita mbele ya watu wote, na kijiji kitaona mfuasi wa kweli anafananaje. Nilifurahi mpaka nikaunguza maharage.

Jioni ile ile mpiga mbiu alipita akitangaza utaratibu wa mkutano. Sisi tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Baba Yoeli akasema tunyamaze tumsikie. Nikamwambia mbiu ni ile ile ya kila siku, njooni saa tatu, msichelewe. Na sauti yangu mnaijua. Mpiga mbiu akapita, wimbo ukaendelea.

Leo asubuhi niliwahi kuliko wote. Mbele kulikuwa na viti vya shule kwa ajili ya wageni. Katikati magogo, tena mengine kivulini. Na nyuma kabisa, peke yake, juani, benchi refu la miti ya mkonge ambalo hakuna aliyelikalia. Moyo ukaniambia, ndilo hilo. Nikaketi katikati yake, nikakunja mikono, nikainamisha kichwa kidogo, si sana, watu wasije wakashindwa kunitambua.

Bibi Mwanaidi, jirani yangu, alikuwa amekaa kwenye gogo la kivulini. Huyu ni mama mtu mzima, mwenyeji wa huku, ndiye aliyenifundisha kuulima udongo huu. Nikamwamkia kwa mbali. Akaitikia, akaniita nikae naye. Nikakataa kwa upole. Akaniita tena, nikatabasamu tu. Mara ya tatu akainuka na fimbo yake, akaja mpaka nilipo, akaanza kunieleza kwamba benchi hilo, mwanangu, limewekwa kwa ajili ya...

"Najua ni la nani, Bibi," nikamkatiza. "Ni la watu kama sisi."

Kisha akarudi kwenye gogo lake akitikisa kichwa. Mimi nikahesabu huo kuwa ushindi dhidi ya kishawishi.

Mara akaja mtu mmoja tunayemwita Bwana Kesho. Jina hilo alilipata kwa sababu kila akiitwa shambani husema atakuja kesho, na tangu mvua za vuli hiyo kesho yake haijafika. Alikuja na wenzake watatu wa tabia hiyo hiyo, wanatembea kwa aibu, wakaketi pembeni yangu. Jamani, nilijawa na furaha. Nilidhani mfano wangu umeanza kuzaa matunda. Nikawapongeza kwa kujishusha. Bwana Kesho akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua, akaniuliza mimi nimefanya nini mpaka nikawa pale. Nikamjibu kwamba hakuna aliyenilazimisha, nimeamua mwenyewe. Akapiga mluzi mdogo, akawaambia wenzake huyu mama ni jasiri.

Hapo ndipo nyumba tisa zilipowasili. (Sehemu hii ndiyo inayoniuma hadi sasa.) Wao walikuwa wanaelekea kwenye magogo, kama watu wenye akili zao. Nikasimama, nikawapungia mkono, nikawaita kwa sauti ile ya kwaya waje nyuma, nafasi yetu iko huku. Baba Yoeli akanong'ona kuniuliza kama nina hakika. Nikamwambia imani haina maswali mengi. Basi wakaja wote, wazee kwa watoto, wakajibana, benchi likajaa hadi likalia. Bwana Kesho na wenzake wakakosa pa kukaa. Nikawaambia kwa upendo, ndugu zangu, nendeni tu mbele. Sijawahi kuona watu wakilitii neno langu haraka namna ile. Wakaenda wakaketi kwenye gogo lililo nyuma tu ya kiti cha mgeni.

Mgeni akafika. Ngoma, makofi, hotuba. Mwenyekiti wetu husoma hotuba akiwa ameuzamisha uso kwenye karatasi, maana miwani yake imebaki kioo kimoja. Alisoma habari za pamba, akasoma habari za mahindi. Halafu mgeni akamuuliza jambo, na Mwenyekiti, bila kuinua uso, akanyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma. Walichosema sikukisikia, tulikuwa mbali. Nilichoona ni mkono ule, na kijiji kizima kimegeuka kututazama, na mgeni anatuashiria twende mbele.

Tumeitwa tupande juu! Kama ilivyohubiriwa!

Niliinuka taratibu. Nilijifunga kanga vizuri. Halafu nikaanzisha pambio. (Ndiyo. Pambio.) Tukaenda mbele tunaimba, mimi naongoza, napiga makofi, watoto wetu wanacheza pembeni. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nikafikiri ni furaha ya kutuona tunainuliwa. Nikawapungia mkono huku na huku.

Tukasimama mbele ya mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, kimya, ana daftari magotini.

"Ninyi ndio wa benchi la nyuma?" akauliza.

"Ndio sisi, ndugu mgeni."

"Mlipelekwa pale, au mlikwenda wenyewe?"

"Wenyewe, kwa hiari yetu. Na watoto wetu tunawalea hivyo hivyo."

"Mambo haya mnafundishwa wapi?"

"Kanisani, ndugu mgeni."

Mwenyekiti akainua uso kutoka kwenye karatasi, akatuona ni akina nani, mdomo ukabaki wazi. Alitaka kusema. Mgeni akamzuia kwa mkono, akanigeukia, akaniambia polepole kwamba katika kazi zake zote amekutana na wategaji wengi, lakini wanaokuja wakiimba ndiyo mara yake ya kwanza kuwaona.

"Mama," akasema, "lile ni benchi la wategaji wa kazi. Lilitangazwa jana. Halafu mnataka kiwanja cha kujengea hilo kanisa linalowafundisha kutega?"

Nilitazama nyuma yake. Bwana Kesho alikuwa anamenya muwa na kututikisia kichwa kwa huzuni, kama mtu anayewasikitikia waliopotea.

Jamani, nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Si kwa ajili yangu tu. Niliwaona wenzangu wa nyumba tisa wameinamisha vichwa kweli kweli, hakuna anayeimba tena, na kiwanja chetu kinaondoka mbele ya macho yangu, na aliyekifukuza ni mimi. Mtu mnyenyekevu pale angeomba radhi kwa maneno mawili akanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Niliuliza ni nani aliyepalilia mistari saba siku mvua ilipowafukuza wenzake. Nikajibu mwenyewe: mimi. Nikauliza ni nani aliyewatekea maji wapaliliaji wiki nzima. Mimi tena, na Baba Yoeli kidogo. Nikauliza kama wanajua kwamba kile kipande cha Bwana Kesho kinachosifiwa kwa usafi, nilikilima mimi alfajiri mbili mfululizo, kimya kimya, ili kijiji kisiaibike. (Siri hiyo nilikuwa nimeitunza tangu mwezi uliopita. Hazina yangu yote ya mbinguni niliimaliza pale kwa dakika kumi.) Baba Yoeli akanivuta kanga. Nikamwambia aniache. Nikazidi kupanda. Na nilipofika kileleni, wenzangu, nilisema, kwa sauti inayofika barabarani, kwamba katika kijiji hiki, kuanzia Mwenyekiti kwenda chini, kwa unyenyekevu hakuna mtu wa kunifikia mimi.

Maneno yalishatoka. Niliyasikia mwenyewe yakipita.

Bibi Mwanaidi akainuka kwenye gogo lake, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Ndugu mgeni," akasema, "mimi mstari wangu uko jirani na wa huyu. Kazi anafanya, na wenzake wote wanafanya, hilo nashuhudia hata mbele ya Mungu. Ugonjwa wake ni maringo tu."

Hapo kijiji kikapasuka. Mgeni alicheka mpaka daftari likaanguka. Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikamtoka. Watoto wetu wenyewe, niliowalea, walicheka. Mimi nilisimama pale pale, shingo juu, kwa sababu ningeshusha shingo wangesema nimekubali. Na Bibi Mwanaidi sikumkasirikia. Aliniumbua, lakini alituokoa, na ndiye mtu pekee uwanjani aliyejaribu kuniokoa mapema.

Mgeni alipotulia, alimwamuru Bwana Kesho na wenzake warudi kwenye benchi lao, na muwa wao. Kisha akamwambia Mwenyekiti kwamba watu wanaofanya kazi wanastahili mahali pa kusali, watupe kiwanja leo leo. Tulipiga vigelegele. Nami nikaanza kuwaza kile kiwanja kizuri cha kando ya barabara, jirani na shule, ambacho nilikuwa nimekipigia jicho siku nyingi.

Mwenyekiti akavaa miwani yake. Akasema kweli, kile cha kando ya barabara ndicho kilichokusudiwa. Lakini kwa kuwa mama mwenyewe ametangaza mbele ya umma kwamba wao na watoto wao hupenda kukaa nyuma, serikali ya kijiji haiwezi kuwalazimisha watu kwenda mbele. Watapewa kiwanja cha mwisho kabisa, kule nyuma, baada ya josho la ng'ombe.

Makofi. Makofi marefu. Ningebisha vipi? Nilifungua mdomo, na Baba Yoeli, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenong'ona mara moja tu, akasema, "Tunashukuru sana," akanishika mkono.

Tumetoka huko sasa hivi kukiona. Upepo ukivuma kutoka joshoni, dawa inapanda puani. Lakini ni pakubwa, udongo ni mzuri, na hakuna gunia litakalotufukuza. Baba Yoeli alipiga hatua zake, akachomeka vijiti vinne pembeni, akavua kofia, akasimama kidogo, bila kunilaumu hata kwa jicho. Mnyenyekevu wa kweli wa nyumba hii ni yeye. (Msimwambie.)

Basi, kondakta akifika huko, mwacheni aseme, ila mjue sijutii. Nyumba tisa zina kanisa, na limepatikana kwa mdomo wangu, tena ukiwa umeteleza. Anayetaka kucheka acheke, lakini aje na panga kesho kutwa atusaidie kufyeka. Na mwinjilisti akirudi ataniona pale pale nyuma. Nitaendelea kukaa nyuma mpaka naingia kaburini. Ila kuanzia leo, kabla sijakaa, nitauliza kwanza benchi ni la akina nani.

Mimi dada yenu,
Mama Yoeli