Saa ya Rais Tolliver

Marekani, rais akishatoka Ikulu watu huanza kumsamehe taratibu, na wakimaliza kumsamehe huipa manowari jina lake. Anayechagua jina ni waziri wa jeshi la majini, kwa kalamu yake, na familia haiombwi kitu. Lyle Crenshaw alilijua hilo. Alijua pia kwamba wengi hawalijui, na ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Asubuhi hiyo, mjini Newport News, alimkuta Bibi Winifred, mjukuu wa marehemu Rais Tolliver, akimwagilia maua. Lyle alishika barua yenye mhuri mkubwa kuliko maneno. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya dhahabu iliyoning'inia shingoni mwa bibi, kitu pekee alichoachiwa na babu yake.

"Bibi, manowari mpya itaitwa Amos Tolliver."

"Babu? Aliyetawala miezi kumi na minne, saba akiwa na mafua?"

"Taifa halisahau."

"Mbona lilisahau vizuri tu, mwanangu. Kaa, nikuletee chai ya barafu."

Bibi akaichukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Lyle akaeleza desturi ambayo ni ya kweli kabisa: mlingoti wa meli ukisimamishwa, vitu huwekwa chini yake kwa baraka. Saa ya rais ingefaa sana. Angeipeleka mwenyewe.

Bibi akapangusa macho. "Sawa. Lakini huku kwetu mleta habari njema huweka na chake. Vikae pamoja."

Saa ya Lyle nayo ilikuwa ya dhahabu, kitu pekee maishani alichonunua kwa jasho lake. Ila atakayezibeba zote mbili si yeye mwenyewe? Akaivua.

Kwenye banda la gari, bibi akatia saa zote mbili katika kisanduku cha chuma, akavaa kinyago, akawasha mtambo wa kuchomelea.

"Kumbe unaijua kazi hii, bibi?"

"Miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha meli. Geuka, mwanga huu unapofusha."

Akageuka kwa adabu zote. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyotegemea, akawa anapiga mluzi.

Hotelini alikata kisanduku kwa msumeno mpaka viganja vikachubuka. Ndani hamkuwa na saa, ila kibao cha chuma kilichochomelewa herufi L.C., kama wanavyomwandikia mama mlezi wa meli, yule atakayeizindua, siku wanapoanza kuijenga.

Akarudi mbio. Bibi alikuwa barazani, saa zote mbili zikining'inia shingoni.

"Nakwenda polisi."

"Nenda. Barua yako ninayo."

Lyle akakaa kwenye ngazi, amenywea. "Niambie kweli, bibi. Hiyo desturi ya mleta habari kuweka chake, ipo?"

"Ipo, mwanangu, tangu leo asubuhi. Maliza chai yako."