Majibu Yangu Kuhusu Risasi Iliyo kwa Tumbili wa Ainabkoi

Josphat Mbuthia,
Kapsoya, Eldoret.

Kwa Afisa wa Leseni za Silaha,
Eldoret.

Bwana Afisa mheshimiwa,

KUH: TUMBILI ALIYE NA RISASI YANGU, NA MALALAMIKO YANAYOAMBATANA NAYE

Natumaini ofisi yako ni nzima na chai ya saa nne inafika ikiwa moto. Sisi huku Kapsoya tu wazima, ukiondoa baridi na jambo hili linaloniandikisha.

Nimepokea ilani yako inayonitaka nijieleze kwa nini leseni yangu ya bunduki isifutwe, kwa kuwa nimepoteza risasi. Niliisoma nikiwa nimeketi, nikaisoma tena nikiwa nimesimama, na mara zote mbili nikaona ina kosa. Risasi yangu haijapotea. Kitu kilichopotea ni kile ambacho mwenyewe hajui kiliko. Mimi najua. Risasi iko kwa tumbili, na tumbili yuko juu ya mti wa mtarakwa ulio mpakani mwa shamba langu kule Ainabkoi. Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, badala ya kujitetea nilalamike.

Mimi ni mkulima wa viazi. Mke wangu Virginia nami tunaishi mjini hapa Kapsoya na tunalima Ainabkoi, mahali ambapo tumbili hushuka kutoka msituni viazi vikishakomaa. Vichanga hawavigusi. Wanangoja kwa uvumilivu ambao sijauona hata kwa shemeji zangu. Msimu uliopita tulivuna majani. Virginia aliketi ukingoni mwa shamba akaniambia, "Baba Ciru, mwaka huu ama wao ama sisi." Ndipo nikaja kwako kuomba bunduki. Mliniuliza maswali mengi, nanyi mkataka kujua kama mimi ni mtu wa hasira. Nilijibu kwamba hasira ninayo ila ni ya tumbili peke yao, mkaridhika. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Urefu wa bunduki. Niliuziwa bunduki ya mtutu mfupi. Muuzaji, kijana mpole aitwaye Muigai, alinieleza kwamba mtutu mfupi hauchokozi matawi wala haugongi mlango wa gari. Ni kweli, haujawahi kugonga kitu chochote. Jambo ambalo Muigai hakunieleza ni kwamba kwetu bunduki huheshimiwa kwa urefu. Siku ya kwanza nilipotoka nayo ikiwa ndani ya mfuko wake, Mwalimu Ooko anayefunza kwaya yetu alinisimamisha barabarani akaniuliza hiyo ni tarumbeta ya sauti gani. Nilipomwambia si tarumbeta alihuzunika, maana kwaya ina upungufu. Mama mmoja sokoni akataka kujua kama pampu yangu inafaa kwa dawa ya kupe. Virginia naye, mwanamke niliyemwoa kanisani mbele ya mashahidi, aliitazama kwa muda kisha akauliza, "Na ile sehemu ingine inaletwa lini?"

Tumbili ndio walionivunja moyo kabisa. Hawa wamezaliwa wakiona bunduki ndefu za askari wa wanyamapori. Wakiona ndefu, hupanda juu. Walipoona yangu, walishuka chini ili waione vizuri.

2. Risasi yenyewe. Muigai aliniambia kwamba bunduki hii inatumia risasi ya kila kazi. Ukitaka nzito ya kwenda polepole, ipo. Ukitaka nyepesi ya mbio, ipo pia, na bunduki ni ile ile. Mnyama mdogo, mnyama mkubwa, karibu, mbali, yote inaweza. Nikamwuliza kama ni kama yale mafuta ya mgando ambayo mama yangu alitupaka usoni, kwenye vidonda, na yaliyobaki akapaka bawaba za mlango. Akasema ndiyo, ni hivyo hasa.

Bwana Afisa, nilirudi nyumbani nikasoma masharti yako neno kwa neno. Kuwinda ni marufuku. Tumbili ni mali ya serikali kabla ya kula viazi vyangu, na akishavila bado ni mali ya serikali, pamoja na viazi vilivyo ndani yake. Kujifunza shabaha sharti niende uwanja ulioidhinishwa, na shamba la viazi halijaidhinishwa. Kupiga hewani ni kosa. Kupiga ardhini ni ukulima mbaya. Kwa hivyo ninayo risasi inayoweza kila kitu na isiyoruhusiwa chochote. Sijaona kipaji kikipotea namna hiyo isipokuwa kwa mpwa wangu, aliyesomea ufundi wa meli na anayeishi hapa Eldoret.

Kwa kuwa sitaki kuvunja sheria, nilianza kuchunguza kazi zingine za risasi hii, zile zisizo na mlio. Niliifunga uzi nikaitumia kama timazi nilipojenga kibanda cha mbolea, na ukuta ule umesimama wima kuliko kanisa letu. Niliitumia kutoboa mashimo ya mbegu za vitunguu, yakatoka yote kwa kina kimoja. Siku ya upepo iliwekwa juu ya karatasi za kwaya ili zisipeperuke. Karatasi zilitulia, na wanaume wa sauti ya nne, ambao kwa kawaida hupiga soga, wakatulia pia. Muigai hakunidanganya. Hapo silalamiki.

3. Tukio lenyewe. Asubuhi ile nilifika Ainabkoi nikakuta tumbili wamo ndani ya viazi kama wafanyakazi wa kibarua. Jirani yangu Jemutai, mama anayefuga ng'ombe ng'ambo ya ua, alikuwa tayari amesimama na sufuria yake na mwiko. Hiyo ndiyo silaha yake tangu zamani, wala haina leseni. Nilimwomba asipige. Nilimwambia leo mambo ni ya kisheria.

"Sawa, Mzee," akasema. "Nikupatie kiti?"

Nilichuchumaa nyuma ya kibanda cha mbolea nikalenga. Hapo nikakumbuka kwamba kabla ya kumpiga mnyama wa serikali ni lazima niombe ruhusa. Nikapiga simu kwa wahusika, nikaambiwa ningoje mkubwa atoke kwenye mkutano. Nikangoja. Nilikuwa na risasi moja tu, kwa sababu sipendi kujionyesha, na nakumbuka vizuri kwamba niliiweka juu ya jiwe kando ya mkebe wangu wa githeri, ile ya mahindi na maharagwe, pamoja na vitu vingine vya mfukoni. Jemutai akaninong'onezea kupitia ua, "Mzee, sasa wamefika mstari wa katikati." Nikamwonyesha simu. Akatikisa kichwa, nikadhani ameelewa.

Ndipo akaja dume mmoja mkubwa mwenye sikio lililochanika. Alipita mbele yangu na mbele ya mtutu wangu, akakaribia jiwe, akafungua mkebe, akanusa githeri ya Virginia, akaufunika tena. Jambo hilo bado hatujalizungumza nyumbani. Kisha akaokota kitu kidogo kilichokuwa kando yake akapanda nacho mtarakwani.

"Mzee," Jemutai akaniuliza, "nipige sasa?"

Nilimwambia apige. Alipiga sufuria, shamba likabaki tupu. Wa mwisho kuondoka alikuwa yule dume, naye aliondoka bila haraka, kama mtu ambaye makaratasi yake yako sawa.

4. Kituo cha polisi. Nilikwenda kuripoti siku ile ile kama raia mwema. Sajenti Mabonga alinipokea kwa adabu. Aliniuliza mshukiwa ana kimo gani, nikamwonyesha kwa mkono. Aliniuliza alikuwa amevaa nini. Aliniuliza alielekea upande gani nikamwambia juu, akaandika juu. Mwishowe akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, huyo ana risasi na wewe una bunduki. Sasa hakuna mtu anaweza kufanya kitu bila mwenzake." Nimeyafikiria maneno hayo sana, na ndiyo yaliyonifikisha kwenye jambo la tano.

5. Masharti yako yanasema bunduki na risasi zitunzwe mbalimbali. Bunduki iko Kapsoya. Risasi iko Ainabkoi, juu ya mti, chini ya mlinzi asiyelala mchana wala kupokea hongo ya githeri. Sidhani kuna mwenye leseni katika kaunti hii aliyezitenganisha zaidi kuliko mimi. Badala ya kufutiwa leseni nilitarajia kupongezwa.

Anayestahili ilani ni tumbili. Yeye ndiye anayeshika risasi bila kibali. Lakini sipendi kumwonea, kwa hivyo napendekeza mumpe leseni. Macho yake ni mazuri kuliko yangu. Hanywi pombe. Hana kesi yoyote mahakamani, na kwa habari ya hasira, nimeshuhudia mwenyewe kwamba hana. Jemutai amejaribu kumpiga picha ya pasipoti kwa simu yake ila bado hatazami mbele.

Akishapata leseni, yeye nami tutakuwa washirika kisheria, na washirika sharti wakutane. Naomba kikao hicho kifanyike ofisini kwako. Lakini kwa vile mwenzangu ana risasi, nami nina bunduki tupu na fupi, naomba kusindikizwa na askari mwenye bunduki ndefu. Huyo askari itabidi aje Ainabkoi kumchukua mwenzangu. Tumbili hawezi kulazimishwa kushuka, kwa hivyo askari atangoja shambani. Angoje tu pale pale kati ya mistari, akiwa amesimama wima, bunduki ikionekana. Virginia atampikia. Angoje hadi tutakapomaliza kuvuna.

Bwana Afisa, kwa hilo la mwisho naomba unielewe vizuri. Viazi vimebakisha muda mfupi ardhini. Tukivuna majani tena, binti yetu Ciru atakaa nyumbani badala ya kwenda chuo, na Virginia amesema tutauza shamba turudi kwa ndugu zangu Nyandarua, ambako nitakuwa yule mtu aliyeshindwa na tumbili. Nilinunua bunduki ili nisiwe mtu huyo. Ukinifutia leseni nitakuwa yeye, tena kwa maandishi, na muhuri juu yake. Ukishindwa kuleta askari, leta bunduki yake peke yake tuisimamishe kwenye kijiti.

Nawasalimu makarani wako wote, yule mama wa faili aliyenikopesha kalamu, na mlinzi wa lango pamoja na goti lake linalomuuma. Mwambie Sajenti Mabonga, mkionana, kwamba nilimwelewa. Jemutai anawasalimu na anauliza kama sufuria inahitaji leseni.

Ni mimi, mwenye nusu ya silaha, anayengoja nusu nyingine,

Josphat Mbuthia

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha Virginia aliponiita. Alikuwa akiifuta bunduki vumbi, na ndani yake, pale risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa, ameikuta risasi. Ndiyo ile ile, bado ina alama ya uzi wa timazi. Inaonekana niliiweka humo nilipokuwa nikilenga na haijatoka tangu hapo, maana yake ilikuwa nasi kituoni kwa Sajenti Mabonga, na Jumapili ilikuwa nasi kanisani, benchi la mbele. Kwa kuwa Virginia hana leseni ya kushika bunduki, tafadhali uhesabu kwamba aliyeiona ni mimi. Tumbili hana hatia. Maombi yote niliyoandika kwa ajili yake nayaondoa, isipokuwa lile la askari. Ningeifungia bunduki kwenye sefu sasa hivi kama sharti linavyosema, lakini tangu siku ile ya Ainabkoi hatuuoni ufunguo. Jemutai ametupigia simu sasa hivi kusema kuna tumbili mwenye sikio lililochanika anayejaribu kufungua kufuli la zizi lake kwa kitu kidogo kinachong'aa.