Nilivyoziba Bafu Kabla Mama Mkwe Hajafika

Jumatano, 4 Machi

Jirani wa chini, mwalimu mstaafu, amepanda tena kulalamika. Dari lake linadondosha maji, na maji ni ya bafuni kwetu. Mke wangu kasema tumwite kaka yake, fundi vigae. Nimekataa. Shemeji akiona kazi yangu hutikisa kichwa, na mimi sitikisiwi kichwa nyumbani kwangu. Mama mkwe anafika Jumamosi. Nimeahidi atakuta bafu limekauka kau.

Alhamisi, 5 Machi

Nimenunua silikoni, ule utomvu wa kuzibia nyufa, na bunduki ya kuisukumia. Muuza duka akanisomea risala: kwangua ya zamani yote, sugua ukungu, futa mabaki ya sabuni kwa spiriti, acha pakauke, ndipo upake. Halafu maji yasiiguse siku nzima. Nikamwambia nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba anataka kuniuzia spiriti.

Nimepaka juu ya ile ya zamani. Ukungu hauonekani, kwa hiyo haupo. Silikoni hiyo imefanya nyumba nzima inuke siki. Mke wangu ameitafuta chupa iliyomwagika kwa nusu saa. Sikumsaidia wala sikumzuia.

Ijumaa, 6 Machi

Imebanduka. Nimeivuta kwa vidole viwili ikaja yote, mita mbili, kama mkanda wa suruali. Kumbe nilipaka kidogo. Nimerudia, nene kama kidole gumba, kisha nikaipaka rangi ya kijani ifanane na vigae. Rangi imegoma kushika, imejikusanya matone matone. Nimeacha. Nimepiga marufuku kuoga hadi kesho. Sharti hilo la muuza duka halinisumbui.

Jioni nimeziba na upenyo wa chini ya mlango wa bafu, maji yasitoke koridoni. Mlango ulikuwa umefungwa, mke wangu alikuwa ametoka tu kuusugua, pamoja na fremu, kwa spiriti kwa ajili ya mama yake. Silikoni ikabaki. Nikaizungusha kwenye fremu yote.

Jumamosi, 7 Machi

Mlango haufunguki.

Mama mkwe amefika saa sita mchana, akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha mlango wa bafu, choo kimo humo humo. Akavuta kitasa, akanitazama. Nikamwomba kwa adabu avumilie kidogo. Akasema, "Mwanangu, nimevumilia tangu saa kumi na moja alfajiri." Nikavuta mimi. Kitasa kikabaki mkononi.

Ameshuka kwa mwalimu na kukaa huko kwa muda wa saa mbili. Nimewasikia wakicheka. Ikabidi shemeji aitwe.

Amekata kwa kisu dakika arobaini. Amesema hajawahi kuona silikoni iliyoshika namna hii, na kwamba ni kwa sababu mbao ilikuwa safi na kavu. Kisha akaingia ndani, akaivuta ile ya kwenye vigae kwa kidole kimoja. Hapo akatikisa kichwa.

Jumapili, 8 Machi

Shemeji amerudi. Amekwangua, amefuta, amesubiri pakauke, amepaka kijistari chembamba kama uzi. Wote wanamsifu. Hakuna anayekumbuka maneno ya shemeji mwenyewe ya jana: hajawahi kuona silikoni kama yangu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini huyo.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa lilikuwa la vigae. Mkono wangu ni wa mbao.

Mama mkwe ana makabati ya jikoni yenye nyufa nyuma. Nimemwambia nitakwenda kuyaziba. Amesema nisijisumbue, ana haya sana mama huyu. Nimekata tiketi kwenye basi lake, kiti cha pembeni yake, na mirija sita ya silikoni nimeshaifunga mkobani.