Ndevu Nyekundu za Babu Imad

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimejua mimi ni nani. Nilikuwa natafuta chaja kwenye sanduku la Mize, mke wangu, nikakutana na picha ya Babu Imad, baba yake baba yangu. Tanga, mwaka sabini na nane, kakaa barazani na kanzu yake. Picha hii nimeiona mara mia. Leo ndiyo nimeitazama. Ndevu nyekundu! Nyekundu mpaka kwenye masharubu!

Nani duniani ana ndevu nyekundu? Waskoti. Na meneja wa shamba la mkonge alikozaliwa Babu alikuwa nani? Mskoti! Marehemu baba alisema mwenyewe. Loh! Miaka kumi na tisa naendesha forklifti ya kunyanyulia mizigo huku ughaibuni, Wetherill Park, kumbe nina damu ya wenye ngome.

Mize kaniuliza kama najua ninamsingizia nini mama yake Babu. Nimesema walioana. Niliwaona kabisa, nikiwa nimesimama na sahani mkononi, bomba liko wazi: Mskoti kavua kofia katikati ya mkonge, anatoa shahada, jua linampiga ndevuni. Maji yakafurika jikoni.

Mize hana muda wa ndoto. Yeye ana Oktoba tu. Tarehe ishirini na mbili mama yake, Bi Ghada, anapasuliwa jicho huko Tanga, na daktari hakuficha: huenda lisione tena. La pili nalo linafifia. Mama anataka atutazame sote kabla hawajamgusa. Nina siku kumi na tano za likizo, na safari inataka siku kumi na tano. Nimeahidi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimechukua siku moja. Moja tu! Tevin, msimamizi wetu, kaandika bila kuuliza. Nimetoka na koti langu la njano la kazini na chapati alizonifungia Mize, nikapanda treni stesheni yetu ya Quakers Hill kama kawaida, nikashukia mjini kwenye maktaba kubwa. Njiani usingizi ukanichukua. Kilima, ukungu, kondoo, na mlangoni mwa ngome mtu ananikaribisha ndani kwa Kiswahili cha Tanga.

Maktaba, dada mmoja kaniuliza jina la ukoo. Nikampa Masoud bin Saif bin Imad. Kauliza lipi hapo ni la ukoo. Nikamwambia yote, na hakuna. Kompyuta haikukubali. Baadaye nikasoma kwamba Mac kwa Kiskoti ni sawa na bin kwetu. Masoud MacSaif! Nilijishika kifua. Mlinzi kaja kuniuliza kama nahitaji daktari.

Jioni Mize kauliza mbona koti halina vumbi. Nimesema siku hizi wanafagia sana.

Jumapili, 21 Septemba

Mkutano wa chama cha Waskoti. Gari langu bovu, kwa hiyo kanipeleka jirani yetu Douglas Muriuki, nesi, Mkenya wa Nyeri. Nilimwomba abaki garini. Kasema ametoka shifti, ana njaa, na amesikia kuna keki.

Nilivaa kikoi cha miraba badala ya kilti, ile sketi yao ya kiume. Katibu wao, Bi Elspeth, mama wa miaka themanini na miwani minene, kaitazama picha ya Babu, kazisifu ndevu, kaomba cheti cha kuzaliwa. Cheti! Babu kazalishwa na mkunga, si na karani!

Kisha kamgeukia Douglas, mdomo umejaa keki, kamuuliza jina. Ukumbi mzima ukageuka. Kumbe Douglas ni ukoo mkubwa wa Kiskoti! Masikini kawaeleza wazi kwamba babu yake alibatizwa na wamisionari Waskoti, jina kapewa kanisani, basi. Hawakutaka kusikia. Bi Elspeth kamkumbatia na machozi juu. Tarehe kumi na tisa Oktoba wanaandamana uwanjani, na Douglas ndiye atakayebeba bendera. Mimi nimepewa kupanga viti.

Njia nzima ya kurudi Douglas anacheka. Eti nikilitaka jina, ataniazima. Nikaongeza sauti ya redio. Nina wivu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mambo yameharibika. Tevin kapiga simu nyumbani kuuliza habari ya funguo za stoo, kampata Mize, kamwambia anatumai napumzika vizuri. Mize kamwuliza napumzika tangu lini. Yule kijana hana siri.

Zimebaki siku nne. Sijui zilikwendaje. Maktaba nne, nne nyingine kujifunza zumari ya mfuko, ile ya Waskoti. Mwalimu kasema napuliza kama ninawasha jiko la mkaa. Na tatu nililala kwenye majani bustanini nikiiwaza ngome, ina vyumba vingapi na kibla kiko upande gani. Huo nao ni utafiti!

Mize hakupiga kelele. Laiti angepiga. Kasema tu siku nne haziendi Tanga na kurudi, atakwenda yeye na Afnan. Afnan, binti yetu wa miaka kumi na tano, kanijibu kwa Kiingereza maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mize kampigia mama yake, kaniwekea simu sikioni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Mize kamwambia anieleze ndevu za Babu Imad.

Mama kacheka mpaka akapaliwa. Hina! Ilikuwa hina! Walikuwa majirani, na yeye, binti mdogo, ndiye aliyekuwa akimtwangia kila Alhamisi, ili Ijumaa mzee aende msikitini amependeza. Chini ya hina ndevu zilikuwa nyeupe pe. Kasema wazee wote wa baraza ile walipaka, sasa je, wote walikuwa Waskoti?

Kisha sauti ikashuka. Kaniuliza nakuja lini, maana anataka kuniona vizuri, asije akabaki kunikumbuka tu. Nikampa Mize simu, nikaenda kusimama uani. Ndugu zake Mize wote walinikataa nilipoposa, mama huyu peke yake ndiye aliyesema nipewe. Nimelia, sioni haya kuandika.

Baadaye nimelifikiria vizuri. Rangi ziko nyingi. Kwa nini Babu kachagua nyekundu? Damu ilikuwa inamkumbusha!

Jumamosi, 18 Oktoba

Wameondoka. Juzi na jana nilichukua likizo siku mbili nimsaidie Mize kufunga mizigo. Hapo uwanja wa ndege kaninyooshea kola, kaniambia wali uko kwenye friza, vyombo vinne. Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema wasisahau maji. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumapili, 19 Oktoba

Alfajiri nimekoroga hina ya duka la Wahindi kwa chai ya rangi na ndimu, nimepaka kidevu kizima, nimefunga mfuko wa plastiki, nimekaa muda wa saa tatu. Mvi zote zimeshika. Nyekundu! Na shingo kidogo.

Uwanjani kulikuwa na upepo. Kilti zao zinapeperuka, wanazishika kwa mikono miwili. Kikoi changu hakikutikisika. Wazee wawili waliniomba niwafundishe kukikunja. Douglas kabeba bendera huku anapiga miayo. Bi Elspeth kaja kunipiga picha, kasema nina uso wa milimani hasa. Nilisimama pale, zumari zinalia, na nyuma ya maegesho ya magari nikauona ukungu. Picha nimempelekea Mize.

Jumanne, 21 Oktoba

Mize kaandika. Kesho asubuhi ndiyo wanampasua. Leo kamwonyesha mama picha yangu. Mama kaisogeza simu hadi puani. Kisha kasema, Babu Imad. Kauliza nani kamtwangia hina wiki hii, mbona imefika shingoni. Kalia na kucheka. Ilimchukua Mize muda kumfahamisha kwamba ni mimi. Mama kasema basi, amekwisha kuniona, sasa wamguse.

Nimesoma ujumbe huo mara sita. Nilitakiwa niwe pale nimemshika mkono. Najua. Sina la kujitetea.

Lakini jamani! Shahidi wa macho! Mtu aliyemjua Babu kanitazama na kasema ni yule yule! Nimebakiwa na siku mbili za likizo, na Tevin amekwisha kuniandikia Alhamisi na Ijumaa niende maktaba. Bi Elspeth nimemwandikia barua ya kurasa tatu, nimemweleza kila kitu alichosema shahidi wangu. Habari ya jicho sikuitaja.