Kanisa Zima Lilivyomwombea Sumi

Deo na Msafiri,

Leo nimeaibishwa na msichana ambaye hajawahi kukanyaga Mpanda. Nawaandikia jioni hii hii ya Jumapili kabla habari haijapanda treni kuja huko Tabora, maana najua itafika imeongezwa chumvi. Na chumvi haihitajiki.

Mnamkumbuka Yustino, yule dereva wa Majengo. Mhandisi Mkorea aliyekuwa akimwendesha kwenye kazi ya visima alimaliza mkataba mwezi uliopita. Akamwachia televisheni, deki na boksi la kanda za video. Kanda zote ni tamthilia moja ya kwao, ya mambo ya hospitali. Hakuna Kiswahili, hakuna Kiingereza, hakuna hata maandishi chini. Yustino akaniita nikamsaidie kuelewa (anadhani mwalimu wa sayansi anajua lugha zote). Nilikwenda kwa dakika kumi. Nilitoka baada ya saa tano.

Sijui niwaelezeje. Kuna daktari kijana, mrefu, nywele zinamwangukia usoni. Kuna mgonjwa wake, Sumi. (Jina tulilipata kwa sababu kila anayelitaja analia.) Daktari anampenda lakini hasemi. Zamu yake ikiisha, badala ya kwenda kwake kulala, anarudi wodini, anakaa kando ya kitanda na kumenya tunda. Analimenya polepole, ganda halikatiki. Basi. Hakuna kingine kinachotokea. Na mimi, mwanaume wa miaka ishirini na tisa, ninayeogopwa na darasa la saba zima, nalia hadi shati linalowa.

Maneno yao sielewi hata moja. Ila kumpenda mtu na kunyamaza, hilo nalielewa vizuri. Kwenye kwaya yetu kuna nesi anaitwa Veronika, anaimba sauti ya pili. Kwa miaka miwili tunasimama kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake, na sijawahi kumwambia lolote lisilohusu namba ya wimbo.

Sasa, mama yangu yuko hapa. Alikuja juzi kwa lori kutoka Karema, na debe la dagaa, kuniuliza ana kwa ana kwa nini sioi. Jana mchana nilirudi kwangu Kawajense kutoka kwa Yustino nikiwa na macho mekundu. Kwenye kanda ya nne Sumi alikuwa amezidiwa. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Nani kakuliza, Festo?"

"Sumi, mama. Amelazwa. Hali yake mbaya."

Mama akaweka ungo chini. "Unampenda?"

"Utaachaje kumpenda?" (Nilidhani tunaongea habari ya video. Asubuhi nilimwambia nakwenda kwa Yustino kwenye kanda. Kumbe yeye alielewa kanda za kwaya.)

"Kwao wanajua?"

"Wanajua. Mama yake ndiye kakataa kabisa."

"Kabila gani?"

"Mkorea."

Mama akafikiri kidogo. "Mkerewe si mbaya," akasema. "Nao wanakula samaki kama sisi."

Nilikuwa nimeshaingia ndani kutafuta maji ya kunawa uso. Nilichosikia ni samaki tu. Nikajibu, "Ndiyo, mama," nikijua anazungumzia chakula cha jioni.

Leo kanisani, baada ya mahubiri, katekista wetu, Mzee Benedikto, akasimama na karatasi ya matangazo. Akatangaza usafi wa Jumatano. Akatangaza mazoezi ya kwaya. Halafu akavua miwani na kushusha sauti.

"Tumwombee pia binti Sumi, Mkerewe, mchumba wa mwalimu wetu Festo, aliyelazwa katika hali mbaya. Tumwombee na mama mkwe mtarajiwa wa mwalimu, Mungu amlainishe moyo."

Kwaya yetu inakaa mbele, tunatazamana na waumini. Kwa hiyo niliwaona wote wakinitazama kwa wakati mmoja. Mama alikuwa benchi la pili, ananipa ishara nijikaze. Veronika aliinamia kitabu chake cha nyimbo, na kitabu chenyewe kilikuwa kimefungwa.

Nyie mngefanya nini? Ningesimama niseme kwamba ninayemlilia yuko kwenye video? Nikapiga magoti na wenzangu nikamwombea Sumi. (Kusema kweli, nilimwombea kwa moyo wote.)

Nilipanga nimvute katekista pembeni tukishatoka. Nilipofika nje nikakuta kina mama kumi na moja wamejipanga, na mama yangu mbele yao akiwa na bakuli la kuku lililofungwa kwa kitambaa. Kumbe alichemsha alfajiri. Mwingine alikuwa na sufuria ya uji wa ulezi.

"Amelazwa wapi?" katekista akaniuliza.

"Yupo... yupo kwa Yustino, Majengo." Ulikuwa ukweli.

Kina mama wakaguna wote pamoja. "Amerudishwa nyumbani," mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Basi tena."

Wakaanza kuimba. Mimi nikiwa katikati yao, tukatembea mchana kweupe, wapita njia wanashuka baiskeli kwa heshima. Mara tatu nilijaribu kusema. Mara ya kwanza kiitikio kilinizidi sauti. Mara ya pili mama akanifuta uso kwa kanga. Mara ya tatu nikamshika katekista mkono, nikasema, "Mzee, kuna jambo sijaliweka wazi." Akanipigapiga bega. "Usijilazimishe kuongea, mwalimu. Tunajua." Veronika alikuwa nyuma kabisa, amebeba mkoba wake wa vifaa, kama anayekwenda kazini.

Kwa Yustino jenereta lilikuwa linanguruma. Tukamkuta sebuleni amevaa singlendi, anaangalia kanda ya tano bila mimi. (Hilo tutalizungumza naye siku nyingine.) Alipoona watu kumi na wanne mlangoni akasimama.

"Tumekuja kumwona mgonjwa," katekista akasema kwa upole. "Yuko chumba gani?"

Yustino akatugeukia bila wasiwasi wowote, akaonyesha televisheni kwa kidole. "Si huyo hapo. Wanamrudisha kutoka operesheni."

Wimbo ukafa kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mama akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akaitazama tena televisheni.

"Festo. Mkerewe yuko wapi?"

"Mama, nilisema Mkorea."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali. Mama akavuta kigoda, akakaa na bakuli mapajani. Pale kwenye kioo daktari alikuwa ameanza kumenya tunda lake. Mama akamwangalia muda mrefu.

"Huyo ndiye anayempenda?"

"Ndiye."

"Na hasemi?"

"Hasemi."

"Baba yako alipolazwa nilikaa hivyo hivyo," mama akasema. "Na machungwa." Akafungua kitambaa cha bakuli, akajifutia macho. Dakika kumi baadaye kina mama wote walikuwa sakafuni, kuku anapita mkono kwa mkono, na wanalia kuliko nilivyowahi kulia mimi. Katekista alikalia kochi, akaiweka sufuria ya uji juu ya mkono wa kochi, akawa anauliza kila dakika, "Kasemaje? Kasemaje?"

Veronika alikuja kusimama karibu yangu. "Ile dripu yao imefungwa," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akasema, "Kwa hiyo mwalimu, huna mchumba?"

Miaka miwili, jamani. Swali ndilo hilo, limekuja lenyewe. Nikavuta pumzi nijibu. Na sekunde ile ile Sumi, aliyekuwa ameinuka kitandani, akayumba katikati ya korido akaanguka.

Niliruka. Nilipiga kelele, "Mshikeni!" nikaitupia televisheni mikono yote miwili, kiwiko kikapiga sufuria, na uji wote ukammwagikia katekista mapajani.

Bahati ulikuwa umepoa.

Veronika alicheka hadi akatoka nje kushika ukuta. Aliporudi alikuwa bado anafuta machozi. "Nimefanya kazi wodini miaka mitatu," akasema. "Sijaona mgonjwa aliyekimbiliwa namna hiyo." Kisha akaenda kumpangusa katekista. Swali lake hakulirudia, na mimi nilikuwa na uji kwenye nyusi.

Nilimwomba Mzee Benedikto akanushe Jumapili ijayo. Amekataa. Anasema sala ikishasomwa haifutwi, atakachoweza ni kutangaza kwamba mgonjwa amepata nafuu. Mama naye hajaniongelesha tangu tulipotoka kwa Yustino, ila mara moja tu, kuniuliza kesho wanawasha saa ngapi.

Mkimaliza kusoma, ichomeni barua hii. Na mtu akiwauliza mnacheka nini, semeni mnakohoa.

Festo