Likizo ya Mlevi Asiyeonja Tone

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imekataliwa. Tena! Mkuu wa Mitihani hakuinua hata macho. Kasema msimu wa mitihani hakuna likizo, labda mtu awe amelazwa au amekufa, na wa kufa atoe taarifa mapema. Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Mke wangu anakuja mwisho wa wiki. Ni mpimaji wa barabara, kambi yao iko mbali, siku nzima kwenye basi. Wamempandisha cheo. Ataongoza wapimaji wote wa kipande kipya ng'ambo ya mto, kazi aliyoitamani tangu tuoane. Kabla ya kuanza kapewa wiki mbili za kukaa nyumbani, na baada ya hapo sitamtia machoni mpaka mwisho wa mwaka. Wiki mbili hizo hizo mimi niwe ukumbini, napanga madawati ili watoto wa watu wasichunguliane majibu! Haiwezekani. Namkosa mwanamke huyu mpaka nasalimiana na kanga zake kabatini.

Mchana tukakusanywa, wafanyakazi na wanafunzi, kusomewa kanuni mpya za pombe na dawa za kulevya. Mwanafunzi akikutwa na chupa bwenini, anapoteza chumba. Akikutwa na bangi au vidonge, anapoteza chuo. Mfanyakazi akija kazini amelewa, anapoteza kazi. Mwanafunzi mmoja akauliza kama dawa ya kikohozi nayo imo. Akajibiwa inategemea kama anakohoa. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia. Ndipo kikasomwa kifungu cha mwisho: mfanyakazi atakayejitokeza mwenyewe kabla hajakamatwa hataadhibiwa. Atapewa ushauri, pamoja na mapumziko ya wiki mbili nyumbani, chini ya uangalizi wa mtu wa familia.

Usingizi ukaruka. Wiki mbili! Nyumbani! Mtu wa familia!

Kuna tatizo dogo tu. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimefanya mazoezi ya kuyumba katikati ya madawati. Mfagiaji kaniona, akaniuliza kama kiatu kinanibana. Nikasema ndiyo. Akanishauri ninunue vya saizi yangu.

Ofisini nimegombana na Thamosi. Huyu ni jirani yangu wa meza, tunamwita hivyo kwa sababu ya thamosi yake ya bluu isiyombanduka. Bahili wa kutupwa! Miaka yote hii hajanimiminia hata nusu kikombe. Chai yake anainywa peke yake, amegeukia dirisha. Leo koo lilinikauka kwa woga, nikamwomba funda moja tu. Akaikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamwambia atazikwa nayo. Akanitolea macho mekundu. Hasira zitamuua.

Kisha nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa mshauri wa chuo. Binti mpole, ana boksi la tishu mezani. Akaniuliza nakunywa nini. Nikasema ile ya kahawia. Ya kahawia ipi? Nikasema inategemea duka. Akauliza kwa siku nakunywa kiasi gani. Hapo nikababaika, nikasema vijiko vinne. Akauliza vijiko vya chai? Nikaona ananidharau. Nikasema vya kupakulia!

Akaacha kuandika. Akauliza kwa upole nakunywa kwa nini. Swali hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nikasema mke wangu yuko mbali na nyumba iko kimya, napika chakula cha watu wawili halafu nakumbuka. Nikalia, kamasi na yote. Nimeigiza vizuri sana, ingawa ukweli ni kwamba hapo sikuwa naigiza.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Wiki mbili kuanzia kesho. Mkuu wa Mitihani kanishika mkono kwa mikono miwili, akasema maskini, hakujua. Roho ikanisuta mpaka nilipofika chini ya ngazi. Kisha nikapiga mluzi.

Mluzi ukafia mdomoni. Kumbe yule mtu wa familia anatakiwa awepo tangu siku ya kwanza, na mshauri kashampigia mke wangu simu. Kamwambia mumeo ni mlevi, lakini kajitokeza kiume. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa! Nilidhani mke ataletwa tu, bila maelezo. Nimempigia mara tano, simu haipatikani, kambini kwao mtandao ni wa kubahatisha.

Jioni hodi mlangoni. Mama mkwe. Mwanawe hawezi kutoka kambini kabla ya Jumamosi, kwa hiyo kamtanguliza mama. Alikuwa na mabegi mawili na ndoo. Nikauliza ndoo ya nini. Akasema ya kutapikia, baba, akaingia ndani.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe ameipekua nyumba. Chini ya kitanda, ndani ya mto, ndani ya tangi la choo. Kamwaga siki. Kamwaga manukato yangu ya harusi. Kamwaga hata dawa ya kusafishia vioo, akasema marehemu mumewe alianza hivyo hivyo. Kumbe baba mkwe alikuwa mlevi! Mke wangu hajawahi kuniambia. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuchoka haraka.

Leo mama kaniuliza mbona mikono yangu haitetemeki. Nikaanza kuutetemesha wa kulia. Akauliza mbona mmoja. Nikaongeza wa pili, uji wote mapajani! Tangu hapo ananilisha mwenyewe. Mtu mzima, mpanga madawati wa chuo kikuu, nafungua mdomo kama kifaranga. Na ananiangalia sana, yule mama. Ananiangalia mno.

Jumamosi, 8 Juni

Amefika! Vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Nilikimbia mlangoni nikasahau kuyumba. Akanishika uso, akaninusa, akaangua kilio. Katika ndoa yetu yote sijamuona akilia hivyo, hata gari la kazini lilipomkanyaga mguu. Akauliza ni kwa sababu yake? Ni kwa sababu hayupo? Ningesema hapana. Ningesema nisamehe, mke wangu, mimi ni mpumbavu na nimetunga yote. Nikasema kidogo.

Baada ya chakula akatutangazia. Cheo anakikataa. Jumanne atampigia mkubwa wake. Atatafuta kazi hapa mjini, hata ya kuchora ramani za viwanja. Alimpoteza baba yake kwa chupa akiwa msichana wa shule, na mume hatampoteza. Sirudi tena kambini, akasema, nipo hapa mpaka tuzeeke. Mama mkwe akainua mikono juu akamshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika kwa majirani.

Niliomba wiki mbili. Nimepewa maisha mazima!

Jumapili, 9 Juni

Siku tamu kuliko zote. Tumekaa barazani bega kwa bega. Kanirekebishia bawaba ya dirisha iliyonishinda tangu mwaka jana. Kacheka nilipomweleza habari za mfagiaji, ingawa nilimwambia nilikuwa nimelewa kweli.

Sina la kufanya zaidi ya kunyamaza. Kunyamaza si uongo. Mtu anaweza kunyamaza miaka arobaini akawa mtu mwema tu.

Mchana kaosha viatu vyake vya kazi, akavijaza magazeti, akavifunga kwenye gunia na kuvipandisha juu ya kabati. Taratibu sana. Kisha akasimama pale chini akiviangalia, hajui kwamba namuona. Akaniuliza nataka chochote? Nikasema maji. Nimekunywa bilauri tatu, jicho kwenye lile gunia.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui niandikeje haya. Mimi si jasiri.

Asubuhi nilimnong'oneza mama mkwe jikoni. Nikamwambia mama, mimi si mlevi, sijawahi. Akaendelea kukatakata vitunguu. Akasema anajua, tangu jioni ya kwanza. Mlevi wa kweli hatingishi mikono mbele za watu, anaificha mfukoni. Nikamuuliza hapo hapo. Sasa mbona alinilisha uji? Mbona alimwaga manukato? Akasema manukato yalikuwa mabaya. Kisha akaweka kisu chini. Akasema yule ni mtoto wake wa pekee, na wewe baba unadhani ni wewe tu unayemkosa? Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vitunguu peke yake. Tukasimama pale, wezi wawili wa mtu mmoja.

Sauti ya mke wangu ikaja kutoka barazani. Alikuwa kwenye simu na kijana wake wa kambini, anamwelekeza mahali walipokosea vipimo. Rudini kwenye kile kilima, alisema, maji hayapandi mlima hata mkiyabembeleza. Akacheka. Cheko lile. Nilidhani cheko lile ni langu peke yangu, kumbe na barabara nayo inalipata.

Nikatoka nikamwaga mtama wote. Kifungu cha mwisho, vijiko, machozi, kila kitu. Mama mkwe akatoka nyuma yangu na kisu chake, akasema na mimi nilijua.

Mke wangu akaweka simu chini. Akauliza hata tone? Nikasema hata tone. Akauliza kama najua alilia kwenye basi mbele ya abiria tangu kambini mpaka stendi, mpaka dereva akasimamisha basi kumnunulia maji. Nikasema sasa najua. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Leo mama mkwe analala kwenye kochi. Mimi, kwa heshima, niko sakafuni jikoni na ile ndoo.

Jumanne, 11 Juni

Viatu vimeshushwa. Kapiga simu kazini, kakubali cheo. Nilisikia kila neno kupitia mlangoni, na nilifurahi, na iliniuma sana, vyote kwa pamoja.

Akaja jikoni, akaketi sakafuni karibu nami. Akasema wewe bwana, nilikuwa nimeshaanza kujichukia. Usinifanyie hivyo tena. Nikaapa. Akauliza, lakini kwa yule mshauri ulilia kweli? Nikasema kweli. Kwa ajili yangu? Nikasema na kwa ajili ya chakula cha watu wawili. Akaweka kichwa begani kwangu. Ni kichwa kizito, kimejaa hesabu. Kaamuru kesho nikaseme ukweli chuoni nirudi kazini, na jioni zote zilizobaki ni zetu. Nampenda mpaka nakosa akili. Amesema hilo linaonekana.

Jumatano, 12 Juni

Nilikwenda kusema ukweli. Naapa nilikwenda!

Kwenye benchi nje ya mlango wa mshauri nikamkuta Thamosi. Hana thamosi. Mikono mifukoni, imesukumwa mpaka chini. Nikamuuliza anamsubiri nani. Akasema aliniona nikiingia mlango huu wiki iliyopita. Alikuwa anasubiri nifukuzwe. Sikufukuzwa. Basi naye kaja. Akasema ile thamosi haijabeba chai siku nyingi sana, na siku nilipomwomba funda moja alitaka kuniambia, ikamshinda.

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote namwita bahili! Akaniuliza inauma? Nikasema kuingia ndiyo kazi, ndani kuna tishu za kutosha. Akasema basi tuingie wote. Tukaingia.

Sasa ningesemaje ukweli mbele yake? Angeinuka akaondoka, na asingerudi tena. Mshauri akanigeukia, akauliza mimi naendeleaje. Nikasema nimepona. Nimepona? Kwa wiki moja? Nikasema mama mkwe ana ndoo. Akaandika ukurasa mzima. Thamosi alikuwa ananiangalia kwa macho ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniangalia nayo, labda mama yangu. Nitamweleza mshauri siku nyingine.

Kesho nipo kazini.

Jumatatu, 24 Juni

Mke wangu kaondoka jana. Jioni zile zilikuwa chache na tamu sana. Stendi kaniahidisha mbele ya mama yake kwamba sitatunga jambo lolote tena. Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa! Basi likageuka, akapunga mkono kwenye kioo, na mama mkwe na mimi tukarudi kwa miguu.

Thamosi bado anatetemeka. Lakini kila Alhamisi yupo kwenye benchi, nami nakaa naye mpaka zamu yake ifike, tunasengenya ratiba.

Leo mshauri kaniita. Chuo kinatuma watu kwenda kutoa ushuhuda sehemu za kazi, viwandani, bandarini, na kwenye kambi za ujenzi wa barabara. Safari ya wiki mbili. Anahitaji mlevi aliyepona. Kasema hajawahi kuona aliyepona haraka kama mimi, nitawatia watu moyo. Nikamwambia siwezi, nimeahidi kutotunga. Yaani nilitaka kumwambia hivyo. Nilichomwambia ni kwamba ng'ambo ya mto nasikia hali ni mbaya sana, waanzie huko.

Na kusema kweli sikutunga mimi. Wametunga wenyewe. Mke wangu simwambii, nataka afurahi ghafla.

Mshauri kasema inaruhusiwa kwenda na shahidi mmoja wa familia, na mama mkwe kashapigiwa simu. Nilipofika nyumbani nikakuta mabegi mawili yameshafungwa! Sasa tuko mezani, tunaandika ushuhuda. Mama mkwe anasema nianzie siku niliyouza mlango wa nyumba ili ninunue pombe. Nimemuuliza mlango upi. Kasema wa mbele, wa nyuma haumlizi mtu.